Kituo Kisichoamka

Nchi yenyewe tutaiita Tulivuni, kwa sababu jina lake halisi haliandikwi bila kibali, na ofisi inayotoa vibali iko likizo tangu mwaka juzi. Ni nchi njema. Ina mto mmoja mkubwa uitwao Lindiza, ina milima miwili, na ina Mlezi Mkuu mmoja, ambaye kwa mujibu wa katiba hahesabiwi pamoja na vitu vingine.

Miaka mitatu kabla ya mambo haya, Mlezi Mkuu alizindua Mwangaza. Huo ulikuwa mfumo endeshi wa taifa, yaani ile programu mama inayoiamsha kompyuta na kuifanya ijue kazi yake. Katika hotuba ya saa nne na robo alieleza kwamba taifa linaloamshwa na programu za wageni litaendelea kuota ndoto za wageni. Wananchi walipiga makofi. Waliokuwa na kompyuta walipiga zaidi, kwa kuwa waliketishwa mbele.

Mwangaza uliamka kwa dakika kumi na moja. Mbili zilikuwa za picha ya Mlezi Mkuu, tatu za salamu za mawaziri, na sita za wimbo wa taifa, beti zote. Kanuni ya Saba ya Uamshaji ilimtaka kila aliye chumbani asimame wima mpaka wimbo uishe, na kamera ndogo juu ya kioo ilihakikisha. Mtu mmoja akikaa, Mwangaza uliandika masikitiko yake kwa wino mwekundu, ukajizima, ukaanza upya. Watumishi wa serikali hawakulalamika. Dakika za kusimama zilihesabiwa kuwa kazi, na tangu uzinduzi hakuna idara iliyofanya kazi chache kuliko mwaka uliotangulia.

Kwenye mto Lindiza, mahali paitwapo Ngazi Saba, palikuwa na kituo cha kupimia maji. Mpimaji alikuwa Bi Tunu Sekibo, mwanamke wa miaka hamsini na miwili aliyesomea hesabu na hakuwahi kuzitilia shaka. Kila siku saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni aliteremka ngazi, akatazama ubao wa vipimo uliosimikwa majini, akapanda na kuandika. Kompyuta ya kituo ilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na uzito wa beberu. Walipojaribu kuitilia Mwangaza ilikuwa kama kumvika tembo kanzu ya mtoto. Bi Tunu aliomba mashine mpya, akajibiwa kwamba fomu ya kuombea mashine mpya hupatikana ndani ya Mwangaza peke yake.

Ndipo akaweka Kijiti. Kijiti kilikuwa mfumo endeshi mdogo uliotengenezwa na watu kumi na mmoja wa nchi mbalimbali, ambao wengi wao hawajawahi kuonana. Kiliamka kwa sekunde tisa. Hakikuwa na picha wala wimbo. Kiliandika neno moja, "Tayari", kikangoja. Kwa mema hayo Bi Tunu alikisamehe mengi. Printa ilitii baada ya kuwashwa mara mbili, na kwa sharti kwamba karatasi ilazwe kifudifudi. Video za harusi za wapwa wake zilifunguka picha moja moja, bibi arusi akinyanyua mguu asubuhi na kuutua adhuhuri. Sauti haikuwapo kabisa, kwa kuwa mashine ilizaliwa bubu. Lakini alichokiandika kilibaki kama alivyokiandika, na kwa mpima mto hilo ndilo jambo lenyewe.

Akikwama aliwaandikia wale kumi na mmoja, na mmoja wao aitwaye Oddvar, mkazi wa nchi yenye theluji miezi saba, alimjibu siku hiyo hiyo. Oddvar alikuwa ametunga programu ya kuchora grafu na alihitaji namba za mfano. Bi Tunu akampa mto. Kuanzia hapo kila nakala ya Kijiti iliyotoka duniani ilibeba faili dogo liitwalo "lindiza", lenye vipimo vyote vya Ngazi Saba.

Wizarani, mambo yalikuwa tofauti. Siku ya uzinduzi afisa mmoja alikuja Ngazi Saba na kompyuta ya mapajani, akaandika mita moja na sentimita thelathini na tano, akapigwa picha, akaondoka. Baada ya hapo hakuna mashine iliyoimba tena kituoni, na kituo kisichoimba, kwa Mwangaza, kilikuwa kimelala. Kwa kituo kilicholala Mwangaza ulijaza wenyewe kipimo cha mwisho kilichowahi kutoa. Basi kwa miaka mitatu, masika na kiangazi, Lindiza haukupanda wala kushuka hata unywele. Wizara ya Mito, Mvua na Shukrani ilimtunuku Bi Tunu cheti cha Mto Mtulivu wa Taifa, mara tatu. Mara tatu aliandika barua kueleza kosa lilipo. Mara tatu alijibiwa kwa pongezi za unyenyekevu wake.

Jumanne moja ya masika aliteremka kama kawaida, na ngazi tatu za chini hakuziona. Ubao ulisoma mita tano na sentimita kumi. Alipangusa miwani, akasoma tena. Tano na kumi.

Mto ukivuka nne na ishirini pale, hufurika Bondeni, mtaa wa nyumba mia sita na kumi na moja ulioko chini kando ya mji. Maji huchukua saa ishirini na sita kufika huko. Yangefika Jumatano saa tatu asubuhi. Katika nyumba moja ya Bondeni aliishi mdogo wake, Siwema, fundi cherehani, na watoto wake wawili.

Alimpigia simu Bwana Ghalibu Mtengwa, Mkurugenzi wa Upokeaji wa Taarifa.

"Bi Tunu! Mto wetu haujambo?"

"Umefika tano na kumi, Mkurugenzi. Kesho saa tatu uko Bondeni. Pigeni king'ora."

"Nimekusikia."

"Basi pigeni."

"Nimekusikia, Bi Tunu, ila sijakupokea. Mimi ni wa Upokeaji. Usikivu una mkurugenzi wake, na leo yuko semina."

"Nimetuma taarifa tangu saa moja na nusu."

"Imetoka kwenye kile kidude chako?"

"Imetoka kituoni."

"Kituo kimelala, mama. Mwangaza uko mbele yangu hapa, unaniambia moja na thelathini na tano. Sasa niliamini taifa au nikuamini wewe?"

"Uamini ubao. Umesimama majini, njoo uutazame."

"Ningekuja," alisema Bwana Ghalibu, na alikuwa mkweli, kwani hakuwa mtu mbaya. "Lakini nina kikao cha maandalizi ya Wiki ya Mto."

Akampigia Siwema.

"Chukua watoto, chukua cherehani, panda kwa shangazi Mlimani. Leo leo."

"King'ora hakijalia, dada."

"Hakitalia."

"Basi sihami. Umesahau ya mwaka juzi?"

Hakuwa amesahau. Mwaka juzi kaya arobaini zilikimbia kwa kuona mawingu, na mto haukuja. Waliporudi walikuta vifusi. Chini ya Sheria ya Makao, nyumba iliyoachwa kabla ya king'ora ni nyumba iliyotelekezwa, na manispaa ina wajibu wa kuibomoa kwa ajili ya usafi. Juu ya hayo walishtakiwa kwa kosa la kuusingizia mto.

"Nikikaa nangoja maji, nikihama nangoja tingatinga," alisema Siwema. "Maji angalau yanaweza yasije."

"Yatakuja saa tatu."

"Wee dada na saa zako! Hata posa yangu ulisema itafika saa nne."

"Ilifika saa nne."

"Na robo!" Siwema alicheka. "Hicho kikompyuta chako kisichoimba ndicho kinatuponza, unajua? Si ungetafuta chochote kinachoimba, hata redio."

Bi Tunu alikata simu. Alichukua baiskeli akaenda ofisi ya wilaya, kwenye Mwangaza wa karibu zaidi.

Alifika saa nne kasoro. Ukumbini walikuwamo watu thelathini, wote wamesimama wima, na kompyuta ilikuwa kwenye ubeti wa tatu. Naye akasimama. Ubeti wa nne ulipoanza, mzee mmoja kando ya dirisha aliteleza taratibu ukutani mpaka akakaa sakafuni. Kioo kikawa chekundu. Ukumbi mzima uliguna.

"Mzee Lwambo, tena?" alisema karani, msichana aitwaye Shemsa. "Hii mara ya sita! Jikaze basi."

"Nimejikaza tangu saa mbili, mjukuu wangu. Mguu ndio haujikazi."

Mzee Lwambo alikuwa mkazi wa Bondeni, na mguu wake wa kulia ulikufa ganzi zamani. Alikuja kuomba kibali cha kukaa wakati wa wimbo. Kibali hicho hutolewa na Mwangaza, na Mwangaza hauwezi kukitoa kabla haujaamka.

"Si mumtoe nje?" aliuliza Bi Tunu.

"Kamera imeshatuhesabu," alisema Shemsa. "Tukipungua inaandika mgomo. Wiki iliyopita mtu alikwenda msalani, tukahojiwa siku mbili."

"Na mimi nimeingia."

"Kuongezeka si kosa. Karibu."

Ikaanza upya. Mara ya saba mzee aliporomoka kwenye ubeti wa tano. Mara ya nane alimaliza wa tano, mtoto mchanga akalazwa kwenye benchi na mama yake, na kamera haikuwa imefundishwa kutofautisha. Mara ya tisa umeme ulikatika, na ulirudi saa nane na dakika tisa. Bi Tunu aliipitisha mikono yake chini ya kwapa za mzee, akamwegemeza kifuani.

"Shikamoo, mzee wangu. Niegemee."

"Marahaba, binti. Wewe una shida gani hapa?"

"Mto unakuja kwenu kesho saa tatu asubuhi. Nataka king'ora kilie."

Mzee alifikiri kwa ubeti mzima. "Basi na nisikae," alisema.

Hakukaa. Saa nane na dakika ishirini Mwangaza uliamka, na watu walikaa kwa pamoja kama gunia lililokatwa kamba. Mzee Lwambo alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alimpisha Bi Tunu, akisema mto haujui foleni.

Shemsa aliandika: Ngazi Saba, tano na kumi. Mwangaza ulizunguka, ukajibu: "Kituo cha Ngazi Saba kimelala. Kituo kilicholala hakioni mto. Kwa niaba yako tumejaza 1.35. Ahsante kwa utulivu wako."

"Jaribu tena," alisema Bi Tunu.

Shemsa alijaribu mara nne. Alikuwa na moyo mwema na alibonyeza vitufe kwa nguvu zaidi kila mara. "Lazima kiimbe chenyewe, bibi, huko huko kituoni. Mimi siwezi kumwimbia mtu."

Ikagonga saa nane na nusu, saa ya mapumziko ya taifa, na Mwangaza ukajizima. Kibali cha Mzee Lwambo kilikuwa hakijaguswa.

"Usirudi Bondeni leo, mzee wangu," Bi Tunu alimwambia mlangoni.

"Nihamie wapi, binti? Huko Mlimani watanikaribisha nikae, na kibali cha kukaa sina." Alicheka kwa utani wake mwenyewe, akajikongoja kwenda barabarani.

Jua lilikuwa bado juu Bi Tunu aliporudi kituoni. Mto ulisoma tano na thelathini na nane. Aliwaandikia wale kumi na mmoja mistari mitatu: mashine yake inatakiwa kuimba wimbo, wimbo ni huu, muda ni mchache. Oddvar hakuuliza kwa nini. Baada ya nusu saa alituma programu ndogo, na chini yake maelezo: "Itaimba kila noti kwa usahihi. Lakini mashine yako haina kipaza sauti, kwa hiyo itaimba kimya. Samahani. Hili siwezi kulirekebisha nikiwa huku."

Aliiwasha hata hivyo. Alisimama wima, peke yake, mikono ubavuni, dakika sita nzima, mbele ya kioo kilichoonyesha noti zikipita moja baada ya nyingine bila hata mlio. Kisha jibu la Mwangaza likaja: "Wimbo haukusikika. Endelea kulala salama."

Jumatano alfajiri alipanda lori la maziwa, akafika Bondeni ikikaribia saa tatu. Watu walikuwa mabatini. Siwema alikuwa amepeleka habari nyumba kwa nyumba, na wakazi wakaikalia kikao ile Sheria ya Makao, wakagundua kwamba haisemi lolote kuhusu paa. Aliye juu ya paa lake hajaitelekeza nyumba yake. Mabati yalijaa magodoro, kuku, masufuria, na juu ya bati la Siwema cherehani mbili zilizofungwa kwa kanga.

"Panda, dada! Saa yako imekaribia!"

"Mzee Lwambo yuko wapi?"

"Kwake, mwisho wa uchochoro huu. Walimtaka apande, kasema mguu haupandi, ataangalia hali."

Bi Tunu na vijana wawili walikimbia. Maji yalifika saa tatu na dakika nne. Walikuwa wamefika nyumba ya tatu, na ya mzee ilikuwa ya kumi na nne. Kwenye nyumba ya sita maji yalikuwa kifuani, na kwenye ya saba mmoja wa vijana alimshika Bi Tunu kiunoni, akamrudisha kwa nguvu.

Mzee Lwambo alipatikana alasiri. Alikuwa kitini, amekaa.

Ijumaa lori lilikuja na mahema mia tatu. Mbele yake alikuja Bwana Ghalibu, amepandisha suruali magotini, na watu wawili waliobeba meza na kompyuta. Mahema hutolewa na Mwangaza. Kompyuta ilitandikiwa kitambaa juu ya tope, ikawashwa, na Bondeni nzima ikasimama. Picha ilipita, salamu zikapita, beti zikapita. Hakuna aliyekaa. Mwangaza uliamka kwa jaribio la kwanza, jambo ambalo Bwana Ghalibu alilisifu kama ushahidi wa mshikamano wa wananchi wakati wa shida. Bi Tunu alijua sababu. Asiyeweza kusimama hakuwapo.

Mwangaza uliuliza tukio. Bwana Ghalibu akaandika: mafuriko. Mwangaza ukatazama kipimo cha Ngazi Saba, ukakuta moja na thelathini na tano, ukasema hakuna mafuriko.

"Mkurugenzi," alisema Siwema, "umesimama ndani yake."

"Naona, mama." Alitazama miguu yake muda mrefu. "Naona kabisa. Lakini sijapokea."

Lori liligeuzwa. Gurudumu moja lilinasa matopeni, na watu wa Bondeni wakalisukuma mpaka likatoka, kwa sababu ndivyo walivyolelewa. Kabla ya kupanda, Bwana Ghalibu alimwita Bi Tunu kando, akampa bahasha. Ndani yake mlikuwa na cheti cha nne. Hakumtazama usoni alipokuwa akimkabidhi.

Bi Tunu alirudi Ngazi Saba. Mto ulikuwa umeshuka na kuacha alama ya tope kwenye ubao. Aliipima. Mita tano na sentimita sitini na nne. Aliwasha mashine, akahesabu sekunde tisa, ikaandika "Tayari". Aliandika namba katika safu yake, Jumatano, akaihifadhi, na kama kawaida akaituma kwa Oddvar iingie kwenye faili la mfano.

Mwezi uliofuata toleo jipya la Kijiti lilitoka. Mtumiaji mmoja wa mbali, mtu makini asiye na nia mbaya, alilipitia na kutuma ripoti ya hitilafu kwa wote kumi na mmoja. Aliandika kwamba katika faili la "lindiza" kuna kosa dhahiri la uchapaji: mto hauwezi kupanda namna hiyo katika siku mbili, na vyombo rasmi vya nchi husika, alivyovikagua kwa uangalifu, vinaonyesha 1.35 kwa tarehe hizo zote. Alipendekeza kila tano ya siku hizo isomeke moja, 5.64 iwe 1.64, ili grafu ikae vizuri kwa wanaojifunza. Wawili kati ya kumi na mmoja walikubaliana naye.

Oddvar alimpelekea Bi Tunu ripoti hiyo, akauliza kwa adabu kama palikuwa na kosa.

Bi Tunu aliisoma mara mbili. Aliteremka ngazi saba, zote sasa zikiwa kavu, akatazama alama ya tope iliyoanza kubanduka kwa jua, akapanda. Aliandika sentensi moja kuhusu Mzee Lwambo, akaifuta, kwa sababu safu ya faili lile ilipokea namba tu. Halafu akajibu:

"Kipimo ni sahihi. Kiacheni."